Picha za Ukubwa wa Kiganja

Jumatatu, 2 Septemba 2024

Presha ya macho. Ndivyo alivyosema daktari wa macho pale hospitali ya Mkomaindo, hapa Masasi. Dada mdogo tu, labda amempita binti yangu Getrude miaka mitano. Alinipa shikamoo, nikaitika marahaba, nikajua basi, nitapewa miwani nirudi kuendelea na kazi zangu.

Jicho la kulia limekwenda. Yeye hakusema hivyo, alisema "limeathirika sana, mzee." Nikauliza, litarudi? Akainama akaandika. La kushoto linaona katikati tu. Pembeni kumekufa. Ni kama mtu anayechungulia kwenye bomba — kumbe! Ile baiskeli juzi. Ile nguzo sokoni. Na mwezi wa sita, nilipoandika bango la duka la dawa, herufi ya mwisho ikaenda ukutani, nikamgombeza fundi aliyepima ubao.

Kilichopotea hakirudi. Matone ni ya kulinda kilichobaki: asubuhi na jioni, kila siku, mpaka nizikwe. Nina miaka hamsini na mbili. Thelathini kati ya hiyo nimeishi kwa brashi.

Nimenunua daftari hili njiani. Sijui la nini. Mke wangu Dorika sijamwambia.

Jumanne, 3 Septemba 2024

Ashraf wa saluni ameteremsha bango langu. Vile vichwa vitatu vya wanaume na mitindo yao ya nywele, nilivichora Getrude akiwa darasa la pili. Sasa ameweka la kuprinti, na picha ya kijana ambaye hata hajawahi kufika Masasi. "Usinielewe vibaya, mzee Kristofa, siku hizi wateja wanataka hivi." Akaniuliza kwa adabu kama naitaka mbao yangu. Nikaibeba.

Njiani nikasema: basi sasa. Ile picha. Miaka yote nimechora vichwa vya watu wa saluni na mapipa ya dizeli huku nikijiambia iko siku nitachora Masasi yote — milima ya mawe, stendi, soko, akina mama kwenye magunia ya korosho. Kila mwaka nasema mwakani. Mwakani haipo tena.

Plaiwudi mbili. Nimezipigilia uani leo leo.

Ijumaa, 6 Septemba 2024

Nachora tangu alfajiri mpaka jua linazama. Kichwa kinauma. Matone jana nilisahau, leo nimeweka mara moja.

Dorika amekuja na bakuli la vitumbua alivyobakiza sokoni, akasimama. "Baba Getrude, kwani nani anakukimbiza? Fanya taratibu." Nikachovya brashi. Taratibu ni ya mwenye muda.

Jumapili, 8 Septemba 2024

Nimemkanyagia Dorika ndoo ya unga wa mchele aliokwisha kuumua. Ilikuwa pale pale inapokaa siku zote. Uji mweupe ukatapakaa mpaka mlangoni.

Hakufoka. Aliniangalia miguu, kisha akaniangalia usoni muda mrefu. "Huoni."

Nikamwambia yote. Aliketi juu ya kinu. Akauliza jambo moja tu: "Ulikuwa unanificha mpaka lini?" Nikasema sijui. Ni kweli, sijui.

Jumatano, 11 Septemba 2024

Nimeharibu kila kitu.

Nilirudi nyuma hatua saba ili niitazame picha nzima. Ndiyo kazi ya mchoraji, kurudi nyuma. Nikauona mlima. Nikageuza kichwa nikaiona stendi, mlima ukapotea. Nikageuza tena. Siwezi kuiona yote! Naiona vipande vipande, naunga kichwani. Na nilipounga: mlima mmoja umevimba kama mkate, mwingine mdogo kuliko basi. Mabasi mawili yamepandana. Mama mmoja ana mkono mmoja, wa pili nilisahau kuurudia. Miaka yote ya kungoja — kwa uchafu huu.

Nikachukua shoka.

Dorika hakunizuia. Aliwafukuza kuku wasije wakaumia. Nilipomaliza akaokota kipande, akakinusa, akasema hata kwa kuni havifai, vitumbua vitanuka rangi. Halafu akalia yeye. Mimi nilibaki nimeshika shoka tu.

Jioni akasema: nenda Makote, kule Newala, kwa dada yako ukapumzike. Mimi nikabaki nawaza, kupumzika kutoka kwenye nini? Kazi sina. Macho sina.

Jumamosi, 14 Septemba 2024

Makote. Gari la Newala limepanda mlima polepole, wenzangu wakitazama bonde, mimi nikitazama kisogo cha dereva.

Dada yangu Yasinta hajabadilika. Mjane, peke yake na mikorosho yake na vyungu vyake. Mimi kitinda mimba, yeye kifungua mimba, amenilea mgongoni. Nikamwamkia, akaitika, akanitazama mkoba. "Umekuja kufa au umekuja kuokota korosho? Niambie nijue napika kiasi gani."

Nikasema korosho.

"Haya. Tunaamka mapema."

Tumekula ming'oko, vile viazi vya porini. Hajaniuliza habari ya macho. Dorika atakuwa amempigia.

Jumanne, 17 Septemba 2024

Siku ya tatu shambani. Mabibo yanaanguka usiku, asubuhi tunaokota, tunanyonyoa korosho, tunatia ndoo. Mtoto mdogo anaiweza kazi hii.

Leo nikasikia. Tap. Tap tap. Nyuma yangu. Nikasimama, sauti ikasimama. Nikaendelea, ikaendelea. Dada ananifuata nyuma, anaokota nilizoziacha! Siku tatu zote! Nikageuka nikamwona ameinama, ameshika korosho mbili. Akazitia ndooni. Nami nikaendelea kuokota.

Nilitamani ardhi inimeze pale pale chini ya mkorosho wa marehemu shemeji.

Alhamisi, 19 Septemba 2024

Leo kimetokea kitu kidogo. Nakiandika kabla sijakidharau.

Tumerudi shambani, dada akainjika uji. Nikakaa kwenye kigoda, sina la kufanya. Pembeni kulikuwa na boksi la sabuni limechanika. Nikakata kipande, ukubwa wa kiganja. Mkobani nilikuwa na rangi za maji, zile ndogo za watoto, Dorika alizitia bila kuniambia. Mbele yangu kulikuwa na bibo. Nikalichora.

Nikaliona lote. Bibo lote na kipande chote, pembe nne, bila kugeuza kichwa! Kitu cha ukubwa wa kiganja kinaenea ndani ya bomba langu.

Uji ukaiva. Dada hapendi uji upoe, akanipokonya kipande akakiweka juu ya tofali. "Kunywa." Nikanywa. Bibo lenyewe halikutoka vizuri. Limekaa upande. Sikulichana.

Jumatatu, 23 Septemba 2024

Bibo. Kifuniko cha chungu. Sikio la mbuzi wa jirani. Ndala ya dada. Kimoja kila asubuhi, uji ukichemka nachora, ukiiva naacha. Hata kama sijamaliza naacha.

Sisemi nimepona. Mchana ni mrefu na nautumia wote kuwaza nitakavyoshikwa mkono kwenda chooni. Lakini ile nusu saa siwazi.

Nimemuuliza dada kama yeye hufinyanga kila siku. Akanishangaa. "Nafinyanga chungu kikivunjika. Nifinyange kila siku niviweke wapi?"

Jumapili, 29 Septemba 2024

Getrude amekuja kutoka Newala mjini, anakofundisha chekechea. Amemletea shangazi yake sukari na mimi chupa mpya ya matone. Akaona vile vipande juu ya tofali. Kumi na kimoja. Akavipanga kwenye mkeka.

"Baba, hivi umechora wewe?"

Nikasema ni vya kupitisha muda.

"Mbona mabango yako hayakuwa hivi?" Halafu akaona amekosea, akashika mdomo. Nikacheka. Nimecheka! Ni kweli, hayakuwa hivi. Mabango nilikuwa nachora ili avutike mtu aliye ng'ambo ya barabara.

Akavipiga picha na simu, akaviweka status. Nilimwacha. Nilitaka viwekwe.

Jumanne, 1 Oktoba 2024

Jana sikuchora. Nililala mpaka jua kali. Hakuna aliyeniuliza.

Leo nimechora mwiko.

Jumamosi, 5 Oktoba 2024

Kazi! Mwalimu mkuu wa Getrude ameona status. Mahafali ya watoto ni mwezi ujao, anataka kila mtoto apewe picha moja iliyochorwa kwa mkono. Watoto thelathini na wawili. Zifike tarehe ishirini na tano ya mwezi huu, waweze kuandika majina na kuzitilia fremu. Getrude alikuwa bado anaeleza, "baba kama hujisikii nitamwambia..." nikasema nimekubali.

Sijawahi kukataa kazi maishani. Wateja walikuwa wanasema, mpelekee Kristofa, hachelewi.

Dada alikuwa anamenya muhogo. Akasema thelathini na mbili ni nyingi kwa mtu aliyekuja kupumzika. Nikamwambia dada, hii ni heshima. Akasema haya.

Nimehesabu: mbili kwa siku. Nikifanya tatu nitamaliza mapema.

Jumamosi, 12 Oktoba 2024

Kumi na moja. Niko nyuma. Zile za kwanza tano nimezikataa, hazikuwa safi. Mtoto wa watu hawezi kutundika takataka ukutani.

Shambani siendi tena. Naanza kabla ya uji. Uji wenyewe naunywa baridi, dada ameacha kunisemesha. Jicho linauma kwa ndani, kama limebonyezwa na kidole gumba. Jioni taa ina duara za rangi kuizunguka.

Ile chupa ya matone niliisahau juani, dawa ikaharibika. Nilimwambia dada nitashuka Newala kuchukua nyingine. Sijashuka. Kwenda na kurudi ni picha mbili.

Alhamisi, 17 Oktoba 2024

Ishirini na mbili. Jogoo, chungu, ua, jogoo. Mkono unachora, mimi sipo. Ile nusu saa imekufa. Sijui imekufa siku gani.

Jumapili, 20 Oktoba 2024

Getrude alikuja kuhesabu.

Nilimpa boksi lenye picha, nikakaa nikingoja sifa. Ndiyo, nilingoja sifa. Nikasikia anapindua moja moja. Halafu akabaki na moja mkononi. 

"Baba, hii umechora lini?"

Nikasema ipi.

Akanisogezea mbele ya jicho. Jogoo. Nikasema jogoo ana nini? Akasema, tazama vizuri, Baba. Nikaisogeza, nikaigeuza kwenye mwanga. Chini ya jogoo kulikuwa na chungu. Chungu cha juzi. Nimechora jogoo juu ya chungu. Nimechukua picha iliyokwisha, nikadhani ni kipande kitupu, nikachora juu yake!

"Ziko ngapi?"

Akapindua nyingine.

"Getrude, ziko ngapi?"

"Hapa sita. Na Jumapili iliyopita nilipokuja niliondoa tatu. Nilizitia kwenye pochi usizione."

Alijua. Wiki nzima mwanangu alijua. Na dada alijua, kwa sababu baadaye nilipapasa meza nikaona imejaa rangi. Mabawa, masikio ya vyungu, nusu ya picha zangu ziko mezani. Ameifuta mara ngapi bila kusema?

Nilimwambia Getrude maneno mabaya. Nilimwambia amenifanya kichekesho mbele ya shule nzima kwa status zake. Alilia, akapanda bodaboda akaondoka bila kula. Hakuwa na kosa hata moja. Mimi ndiye niliyesema ndiyo.

Jumatatu, 21 Oktoba 2024

Nimelala kutwa. Nimewaza mambo ambayo sitayaandika hapa.

Mchana dada aliingia, akakaa kwenye ukingo wa kitanda, akabaki.  Alikuwa anachambua choroko. Alichambua mpaka zikaisha, akazichanganya, akaanza tena.

Alhamisi, 24 Oktoba 2024

Mkomaindo tena. Dorika alipanda Makote kunichukua, tumeshuka Masasi jana.

Daktari yule yule. Alipima mara mbili, akapima mara ya tatu. Imepanda. Akauliza, matone unaweka, mzee? Nikasema naweka. Asubuhi na jioni? Asubuhi na jioni. Nilidanganya vizuri, hata sauti haikutetereka.

Dorika akafungua mkoba wake. Akatoa ile chupa, kifuniko kimeyeyuka kwa jua, akaiweka mezani mbele ya daktari. Dada alikuwa amempa. Hakuna aliyenigombeza. Ingekuwa afadhali wangenigombeza.

Upasuaji. Hospitali ya rufaa, Jumatatu. Daktari alieleza polepole: hautarudisha kitu. Ni wa kushikilia kilichobaki. Wengi hushikilia. Wachache hupoteza hata hicho. Nisipofanya — akahesabu miezi kwa vidole vya mkono mmoja, na vidole vikabaki.

Kuna fomu ya kukubali. Nimesema nitasaini huko huko.

Kutoka hapo tulikwenda kwa miguu mpaka sokoni. Dorika amenishika mkono mbele za watu, ambavyo hatujawahi kufanya. Nikamuuliza ningeweka matone ingekuwaje. Akasema hajui, na mimi nisimuulize tena hilo.

Jumapili, 27 Oktoba 2024

Getrude amepiga. Nilimwomba radhi. Akasema yameisha, Baba. Nikajua hayajaisha, lakini ameamua.

Amesema amezungumza na mwalimu mkuu. Watoto watachora wenyewe, kila mmoja picha yake. Mwalimu amefurahi, hata kasema ni wazo zuri kuliko la kwanza.

Nilichokisikia kwanza moyoni ni wepesi. Kama mtu aliyetuliwa mzigo wa maji. Aibu ilikuja baadaye, ikaja na yote: miaka thelathini, na kazi yangu ya mwisho inafanywa na watoto wa miaka mitano.

Dorika alinikuta nimekaa uani. Akasema: kule Makote, mwanzoni, dada yako alinipigia akaniambia kila asubuhi unaimba. Nikamwambia sikuwa naimba. Akasema ulikuwa unaimba kwa pua, ukichora.

Sikumbuki. Kweli kabisa sikumbuki.

Ingetosha ile. Moja kwa siku, ukubwa wa kiganja, hakuna anayengoja. Nilikuwa nayo wiki mbili na nusu, nikaibadilisha kwa kusifiwa. Hilo ndilo linalonila kuliko macho.

Jumatatu, 28 Oktoba 2024

Asubuhi. Basi la kwenda hospitali ya rufaa ni saa moja na nusu, bodaboda mbili zinakuja kutuchukua.  Fomu imo kwenye bahasha, bado haina sahihi. Dorika hajaniuliza. Nikifika na kukataa mlangoni kwa daktari, sijui nitamwambia nini, na nikikubali wakanifungua bandeji kukawa giza, sijui nitamwambia nini pia.

Yeye anafunga kitenge kwenye kifurushi cha shuka. Amekaa karibu na mlango, mwanga unamwangukia upande mmoja. Ana alama ya kuungua pale chini ya kiwiko, ya mafuta ya vitumbua. Miaka ishirini na sita ya ndoa. Sijawahi kumchora. Nilichora wake za watu, kwenye mabango ya mafuta ya nywele.

Sina boksi. Nimefungua ukurasa huu huu. Rangi za watoto na mate kidogo. Mkono tu — kiwiko, alama, fundo la kitenge. Mdogo, hapa chini pembeni.

Kaniona. "Unafanya nini?" Nikasema kaa hivyo hivyo. Akasema gari litatuacha. Lakini amekaa.

Fundo limetoka. Alama imekuwa kubwa mno, rangi imevuja. Basi, iwe hivyo.

Bodaboda zimefika, zinapiga honi. Dorika anasema nifunge daftari. Nimemwambia siwezi, rangi bado mbichi, itashikana. Amesimama mlangoni na kifurushi kichwani.

Anasema basi, lishike wazi hivyo hivyo, twende.